UZI: Usikariri interlukini kwa namba, anza na umbo la kipokezi chake

Fundi Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila muhula somo la kinga ya mwili likifika, vijana wa udaktari na wa maabara wananijia na karatasi ndefu ya interlukini (IL), protini ambazo seli za kinga hutumia kuagizana: IL-1 inafanya hivi, IL-2 inafanya vile, mpaka thelathini na kitu. Wanakesha nayo, wanafanya mtihani, mwezi ukiisha hakuna kilichobaki kichwani. Naandika uzi huu kwa sababu nina hakika wanaanzia mahali pasipostahili. Namba za interlukini zilitolewa kwa kufuata ipi ilitambuliwa mapema na ipi baadaye. Hazisemi chochote kuhusu undugu. IL-1 na IL-2 hazihusiani kabisa. IL-1 ndugu zake ni IL-18 na IL-33. IL-8 hata ukoo wa interlukini nyingine haumo, ni kemokini, yaani protini ya kuita seli zihamie mahali fulani, na siku hizi inaandikwa CXCL8.

Undugu wenye maana unauona kwenye vipokezi. Ukishajua sitokini fulani inashika kipokezi cha ukoo gani, umeshajua habari yake itapita njia gani ndani ya seli, ugonjwa gani utatokea kipokezi kikiharibika, na mara nyingi hata dawa gani inaweza kuizuia.

Kwa ambao si wa fani hii: sitokini, ambamo interlukini zimo, ni protini ndogo ambazo seli huzitoa ili kuziagiza seli nyingine zizaliane, zikomae, zihame, ziue, zitulie au zijiue zenyewe. Sitokini haiingii ndani ya seli kupeleka agizo. Inashika kipokezi, ambacho ni protini ndefu iliyotoboa utando wa seli. Kuna sehemu ya nje inayoshika, kipande kifupi kinachopita kwenye mafuta ya utando, na mkia ulio ndani. Sehemu ya nje inakuonyesha ukoo. Mkia unakuonyesha habari inapopelekwa.

Ukoo mkubwa kuliko wote ni wa aina ya kwanza. Humo kuna vipokezi vya IL-2, IL-3, IL-4, IL-5, IL-6, IL-7, IL-12, IL-15, IL-21 na wengineo. Utautambua kwa alama mbili upande wa nje. Kwanza ni asidi amino nne za sisteini zinazokaa mahali pale pale na kufungana mbilimbili. Pili ni herufi WSXWS karibu na utando, yaani triptofani, serini, asidi amino yoyote, triptofani, serini. Mwaka 1990 Fernando Bazan alipanga mifuatano ya vipokezi hivi na kutabiri kwamba vyote vimejengwa kwa vipande viwili vya takriban asidi amino 100 kila kimoja, vilivyopinda kama kiwiko, na sitokini inakaa kwenye kiwiko. Mwaka 1992 picha ya fuwele ya kipokezi cha homoni ya ukuaji ikathibitisha. Tena ikaonyesha jambo ambalo mimi bado linanishangaza: molekuli moja ya homoni inashika vipokezi viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kwa ubavu huu na kingine kwa ubavu ule.

Ndiyo, homoni ya ukuaji. Na prolaktini ya maziwa ya mama, na leptini ya shibe, na erithropoietini ya chembe nyekundu za damu. Zote vipokezi vyao ni vya ukoo huu. Ukikariri kwa namba za interlukini huwezi kuliona hilo maisha yako yote.

Naendelea kesho na koo nyingine. Maswali yaje.

MD3_Mkalama

Mkuu nimeweka kambi hapa, mtihani wetu uko karibu. Swali moja: darasani tuliambiwa vipokezi vya aina ya kwanza havina kimeng'enya chao. Sasa mkia usio na kimeng'enya unapelekaje habari?

Fundi Darubini

Mdogo wangu, umegusa kiini cha mambo. Mkia hauna kimeng'enya, lakini umekishikilia kimoja. Karibu na utando, upande wa ndani, kuna mahali ambapo kimeng'enya cha kundi la JAK kimeng'ang'ania muda wote. Viko vinne tu mwilini: JAK1, JAK2, JAK3 na TYK2.

Sitokini ikivileta vipokezi viwili pamoja nje, au ikivigeuza vikae mkao unaofaa, JAK mbili zilizo ndani zinakaribiana. Kila moja inambandikia mwenzake fosfati, zinawaka. Kisha zinabandika fosfati kwenye asidi amino za tirosini zilizo mkiani. Hapo protini za STAT, ambazo zilikuwa zinaelea tu, zinaidaka ile tirosini yenye fosfati, nazo zinabandikwa fosfati, zinaachia mkia, zinaungana mbilimbili na kuingia kwenye kiini kuwasha jeni. STAT ziko saba.

Ukiweka hili akilini utaelewa kwa nini mkia ni muhimu kuliko jina. Mkia wa kipokezi cha IL-4 unaita STAT6, wa IL-12 unaita STAT4, wa IL-6 unaita zaidi STAT3, wa IL-2 unaita STAT5. Njia ni ile ile, anayeitwa ndiye tofauti.

Sista Nuru

Habari zenu ndugu. Mimi ni muuguzi kitengo cha kusafisha damu. Wagonjwa wetu wa figo tunawachoma erithropoietini, na sikuwahi kufikiri kwamba iko ukoo mmoja na interlukini. Naomba nieleweshwe jambo. Kuna wagonjwa wanapata dozi ile ile, madini ya chuma wanapewa, na damu haipandi. Nimeona zaidi kwa wale wenye maambukizi kwenye katheta. Je, hii ina uhusiano na unayoyaeleza?

Fundi Darubini

Sista, asante sana, na uhusiano upo tena wa karibu.

Erithropoietini inatoka kwenye figo. Kipokezi chake ni jozi ya minyororo miwili inayofanana, kila mmoja na JAK2 yake, na kinakaa kwenye seli za uboho zinazoelekea kuwa chembe nyekundu. Figo zikifa, homoni inakosekana, ndiyo maana mnaichoma.

Sasa mgonjwa akiwa na maambukizi, IL-6 inapanda. IL-6 inashika kipokezi chake kwenye ini, STAT3 inawashwa, na ini linamwaga hepsidini. Hepsidini inafungia chuma ndani ya seli za akiba na kuzuia kisinyonywe kwenye utumbo. Kwa hiyo kipokezi cha erithropoietini kinapata agizo lake vizuri kabisa, lakini seli haina chuma cha kutengenezea himoglobini. Vipokezi viwili vya ukoo mmoja vinavutana ndani ya mgonjwa mmoja. Ukiona damu haipandi, kabla ya kuongeza dozi, kutafuta maambukizi ni hatua ya busara, na wewe umeshaiona kwa macho yako.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo: mwaka 2005 iligunduliwa kwamba takriban asilimia 95 ya wagonjwa wa polisithemia vera, ugonjwa wa kuwa na chembe nyekundu kupita kiasi, wana badiliko moja kwenye JAK2, pale asidi amino namba 617. Kimeng'enya kinabaki kimewaka bila kusubiri homoni.

Sista Nuru

Ubarikiwe. Kesho nawaeleza wenzangu wa zamu.

MD3_Mkalama

Mkuu, naomba IL-2. Alfa, beta, gama, CD25, CD122, CD132. Hapo ndipo darasa zima linapotea.

Fundi Darubini

Twende taratibu, maana hapa ndipo penye utamu wote.

Kipokezi cha IL-2 kina minyororo mitatu. Alfa (CD25) peke yake inashika IL-2 kwa ulegevu na haina uwezo wa kupeleka habari. Beta (CD122) na gama (CD132) zikiwa pamoja zinapeleka habari, lakini zinahitaji IL-2 nyingi. Zote tatu zikikaa pamoja, mshiko unakuwa imara takriban mara mia kuliko wa beta na gama pekee. Seli T, yaani chembe nyeupe ya kinga, ikiwa imetulia ina beta na gama kidogo, alfa haina. Ikishakutana na adui wake ndipo inapoitoa alfa, na kuanzia hapo hata IL-2 kidogo sana inatosha kuizalisha. Seli T za udhibiti zenyewe zina alfa muda wote, kwa hiyo zinawahi kuinyonya IL-2 iliyopo. Na dawa ya basiliksimabu wanayopewa wanaopandikizwa figo inaziba hiyo alfa, ikilenga seli zilizokwisha amka.

Sasa sikiliza habari ya gama. Kuna ugonjwa wa watoto wa kiume wanaozaliwa bila kinga kabisa. Anayejulikana zaidi ni David Vetter wa Texas, aliyezaliwa 1971, akaishi ndani ya plastiki isiyopitisha vijidudu, akafariki 1984 akiwa na miaka 12. Mwaka 1993 watafiti waligundua kwamba jeni inayoharibika katika ugonjwa huo, iliyoko kwenye kromosomu X, ni ile ya mnyororo wa gama wa kipokezi cha IL-2.

Hapo kukawa na kitendawili. Panya walioondolewa IL-2 yenyewe walikuwa na seli T. Inakuwaje ukose sitokini ubaki na seli T, lakini ukikosa kipande kimoja cha kipokezi chake kila kitu kinaporomoka? Jibu likapatikana haraka: gama haikuwa mali ya IL-2 peke yake. Inatumiwa pia na IL-4, IL-7, IL-9, IL-15 na IL-21. Mtoto akiikosa, amezibwa masikio kwa sitokini sita kwa mpigo.

Na ukitaka kujua ipi kati ya sita inafanya nini kwa binadamu, angalia watoto wenye hitilafu nyingine. Aliyekosa gama hana seli T wala seli NK (zinazoua seli zilizoambukizwa), seli B (zinazotengeneza kingamwili) anazo lakini hazifanyi kazi. Aliyekosa alfa ya kipokezi cha IL-7 hana seli T, ila seli NK anazo. Kwa hiyo seli T zinakuzwa na IL-7. Za NK zinategemea IL-15. Na aliyekosa JAK3, kimeng'enya kinachoshikwa na mkia wa gama, anaugua ugonjwa ule ule wa aliyekosa gama, isipokuwa huu unawapata wasichana na wavulana kwa sababu jeni ya JAK3 haiko kwenye X. Mimi kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huu kwamba kipokezi na kimeng'enya chake ni kitu kimoja.

Minyororo ya pamoja ipo mingine miwili ya kukumbuka. Ya kwanza ni gp130, inayotumiwa na IL-6, IL-11 na wenzao. Ya pili ni beta ya pamoja, ya IL-3, IL-5 na sitokini ya GM-CSF.

Mama Kulwa

Samahanini wataalamu, mimi si msomi wa mambo haya, nimeletwa na utafutaji. Mtoto wa dada yangu alichanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, baadaye tezi za kwapa zikavimba zikatoa usaha. Kituo tulichokwenda kwanza walitujibu vibaya na hawakumpima. Nimesoma mahali kuwa kuna watoto wana shida ya kipokezi wanaugua kwa sababu ya BCG. Je, ni yeye?

Fundi Darubini

Mama, pole sana, na pole kwa majibu mliyopewa. Kwanza nikutoe hofu: tezi ya kwapa upande uliochanjwa kuvimba, hata kutoa usaha, hutokea kwa watoto wenye kinga nzima kabisa, na wengi hupona. Hiyo peke yake haimaanishi hitilafu ya kipokezi.

Kinachotakiwa kumpeleka haraka hospitali kubwa ni dalili za kuenea: homa isiyoisha, kukonda, tezi za sehemu nyingine, tumbo kuvimba kwa ini au wengu, vidonda au uvimbe wa mifupa. Na kipimo cha kwanza kwetu huku ni cha virusi vya UKIMWI, maana ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya BCG kuenea. Naomba msikatae chanjo kwa watoto wengine wa familia kabla ya kuongea na daktari wa watoto.

Kuhusu ulichosoma, ni kweli kipo, ila ni adimu sana. Na kinaniingiza kwenye ukoo wa aina ya pili, ambao ni wa interferoni (nazo ni sitokini) na wa kundi la IL-10. Umbo la nje linafanana na aina ya kwanza ila WSXWS haipo. Ndani wanatumia JAK na STAT vile vile. Mwaka 1996 zilichapishwa taarifa mbili, moja ya familia za Malta, nyingine ya mtoto wa Tunisia aliyefariki kwa BCG. Wote walikuwa na hitilafu kwenye kipokezi cha interferoni gama. Makrofaji zao, yaani seli zinazomeza vijidudu, zilimmeza mdudu lakini hazikusikia agizo la kumuua. Miaka miwili baadaye ikaonekana hitilafu ya kipokezi cha IL-12 inaleta hali ya jinsi hiyo hiyo, kwa sababu IL-12 ndiyo inayoziagiza seli T na NK kutoa interferoni gama. Hawa wa IL-12 mara nyingi wanasaidika kwa kuchomwa interferoni gama. Wale waliokosa kabisa kipokezi cha interferoni gama hawasaidiki nayo, kwa kuwa hakuna cha kuipokea.

Mama Kulwa

Asante mwanangu. Hana homa na ananyonya vizuri, lakini jumatatu tunampeleka hospitali ya rufaa.

Kapteni wa Ziwa

Uzi mzuri sana huu. Nina baridi yabisi. Daktari aliponiandikia dawa ya kuzuia TNF alinipima kwanza kifua kikuu ingawa sikohoi. Nadhani ni mambo haya haya?

Fundi Darubini

Ni haya haya kaka, na daktari wako alifanya sahihi kabisa.

TNF ni sitokini ya uvimbe. Vipokezi vya ukoo wake vina umbo jingine: upande wa nje ni mrefu na mwembamba, umepangwa kwa vipande vyenye sisteini nyingi vinavyofuatana kama pingili. TNF yenyewe ni vipande vitatu vilivyoungana, nayo inakaa juu ya vipokezi vitatu kama chungu juu ya mafiga. Kipokezi kimoja hakitoshi. Ndani hakuna JAK. Baadhi, kama TNFR1 na Fas, wana kipande cha kifo kinachoweza kuiongoza seli kujiua, wengine wanaita protini za TRAF na kuishia kuwasha NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe na homa. Kipokezi cha CD40 nacho kimo humu.

TNF ndiyo inayoshikilia ukuta wa seli unaowazunguka wadudu wa kifua kikuu waliolala mapafuni. Ukiizuia, ukuta unalegea. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa ya kifua kikuu kwa wagonjwa waliotumia infliksimabu, dawa ya kuzuia TNF, na wengi walipata ile ya kusambaa nje ya mapafu. Tangu hapo kupima kwanza ni lazima. Na ukipewa etanersepti, fahamu kwamba hiyo dawa ni kipokezi: sehemu ya nje ya TNFR2 imeunganishwa na mkia wa kingamwili, inaelea kwenye damu na kuidaka TNF kabla haijafika kwenye seli.

Abdallah wa Maktaba

Mwalimu, kemokini umezitaja juu juu. Na mimi nimesoma kwamba kundi la damu la Duffy ni kipokezi cha kemokini. Ni kweli?

Fundi Darubini

Kweli tupu. Vipokezi vya kemokini vinapita utando mara saba na kutumia protini G kupeleka habari ndani, mbali kabisa na wote niliowataja. CCR5 na CXCR4 mnazijua kwa sababu mwaka 1996 zilitambuliwa kuwa ndizo virusi vya UKIMWI vinazishika pamoja na CD4, protini ya juu ya seli T, ili kuingia. Dawa ya maraviroki inaziba CCR5.

Duffy ilikuwa kundi la damu tu mpaka 1993 ilipoonyeshwa kwamba inashika kemokini. Inapita mara saba kama wenzake, ila haipeleki habari kwa protini G. Inazikusanya tu. Malaria ya vivax inaitumia kuingia kwenye chembe nyekundu. Sehemu kubwa ya watu wa Afrika Magharibi, ya Kati na Mashariki hawana Duffy kwenye chembe nyekundu, kwa sababu ya badiliko la herufi moja kwenye swichi ya jeni hiyo. Swichi hiyo inahitajika kwenye chembe nyekundu tu, kwa hiyo Duffy inaendelea kuonekana kwenye mishipa yao ya damu. Ndiyo sababu kubwa ya vivax kuwa chache huku kwetu. Kinga hiyo si kamili: mwaka 2010 ilitolewa taarifa kutoka Madagaska ya watu wasio na Duffy walioambukizwa vivax na kuugua.

Dokta Mstaafu

Fundi, unafanya kazi nzuri, lakini nisisitize kwa vijana kwamba mipaka ya koo hizi si kuta. IL-4 inaweza kushika alfa yake na gama ya pamoja, au alfa yake na mnyororo wa IL-13, kutegemea seli. Na kipande cha p40 cha IL-12, ambacho ni sitokini, kimejengwa kama kipokezi cha IL-6.

Fundi Darubini

Shikamoo dokta. Umesema kweli, na huo mfano wa IL-4 ndio unaoeleza kwa nini dupilumabu, inayoziba alfa ya IL-4, inazima IL-4 na IL-13 kwa pamoja kwa wagonjwa wa ukurutu na pumu. Ukijua mnyororo uliozibwa, huhitaji kukariri dawa.

Nimalizie waliobaki. Kipokezi cha IL-1 nje kina vipande vitatu vya umbo la kingamwili, ndani kina kipande cha TIR sawa na cha vipokezi vya Toll (vinavyotambua vijidudu), na njia yake ni protini ya MyD88 hadi NF-kB. Kuna kingine cha IL-1 kisicho na TIR kabisa, kazi yake ni kuidaka na kuipoteza. Sitokini ya TGF-beta vipokezi vyake vina kimeng'enya chao mkiani na wanatumia protini za SMAD. IL-17 ni ukoo wake peke yake.

MD3_Mkalama

La mwisho mkuu. Tosilizumabu ya wagonjwa wa COVID inaingia wapi?

Fundi Darubini

Inaziba alfa ya kipokezi cha IL-6. Gp130 iko karibu kila seli, lakini alfa iko kwenye ini na baadhi ya seli nyeupe tu. Ujanja ni kwamba alfa inaweza kukatwa ikaelea kwenye damu, ikaishika IL-6, na wawili hao wakaenda kugonga gp130 ya seli ambayo haikuwa na alfa. Hivyo uvimbe unasambaa hadi kwenye kuta za mishipa. Tosilizumabu inaziba alfa ya kwenye seli na hii inayoelea, na Julai 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wagonjwa mahututi.

Na hapa nina ombi la maabara kwenu mnaoelekea wodini. CRP, protini ya damu tunayoipima kuona uvimbe, inatengenezwa na ini kwa agizo la IL-6. Mgonjwa aliyepewa tosilizumabu CRP yake inashuka hata kama ana nimonia ya bakteria inayomla, na anaweza asipate homa pia. Tunapokea sampuli, tunatoa CRP ya chini, daktari anatulia. Basi mkijaza fomu ya kipimo, andikeni jina la dawa na tarehe aliyochomwa, na damu ya kuotesha bakteria ileteni pamoja na hiyo ya CRP.